Zamu ya Hedwig katika Ukumbi Mweupe

Hedwig Kiefner hakuwa mtu wa kuambiwa apumzike. Alikuwa na miaka sabini na minne, magoti yakimlilia kila akipanda ngazi, na bado kila Jumamosi alifagia kuanzia mlangoni kwake mpaka barabarani, kisha akafagia na mbele ya jirani, ili jirani aone haya. Huko kwao Swabia, kusini mwa Ujerumani, usafi si jambo la mzaha. Kuna kibao cha mbao kinachohama mlango hadi mlango, na kikitundikwa kwako, wiki hiyo ufagio ni wako, uwe profesa au muuza soseji.

Yeye na marehemu mumewe, Eugen, walikipeleka kibao kama hicho kiwandani kwao, enzi kiwanda kilipokuwa zizi la mjomba. Eugen alikereza vyuma. Hedwig, aliyekuwa mshona sidiria, alishona blanketi za rangi ya dhahabu za kukinga setilaiti na jua na baridi ya huko juu. Setilaiti zenyewe zilikuwa za watu wengine. Zizi likawa banda, banda likawa majengo matatu, wafanyakazi wakafika mia na themanini, na kila mmoja alifagia zamu yake, bosi akiwemo. Sasa mkuu ni binti yao, Roswitha, na katika ukumbi mpya mweupe, usiotakiwa kuingia hata chembe ya vumbi, ilisimama setilaiti ya kwanza waliyoiunda wenyewe, nzima nzima. Hedwig alipoiona kupitia kioo alilia, wala hakujificha.

Kupitia kioo, lakini. Ndilo lililomuuma.

"Mama, humo wanaingia waliofunzwa tu," Roswitha alimwambia. "Wewe umeshafanya yako. Pumzika."

Na kibao akakiondoa, maana ukumbi ulikuwa na wasafishaji wake maalumu. Hedwig akaona wazi kwamba anawekwa kando polepole, kama kabati la zamani, na kiwanda hiki ndicho kilichokuwa maisha yake.

Jumamosi hiyo alikitoa kibao stoo, akakitundika mwenyewe kwenye mlango wa ukumbi. Akafungua kwa ufunguo wa familia, akaingia na ndoo, ufagio na aproni yake. Alifagia kwa raha zake. Alikuwa amefika chini ya setilaiti pale mitambo ya kupima vumbi ilipoanza kupiga kelele.

Anselm, msimamizi wa ukumbi, alikuja mbio, ovaroli nyeupe nusu mwilini.

"Mama Kiefner! Weka ufagio chini! Usijongee hata hatua!"

"Usinipigie kelele, Anselm. Pale kwenye kona mmepafagia lini?"

"Hapakuwa na vumbi mpaka ulipolileta wewe!"

Iliwachukua watu ishirini siku mbili kuipangusa setilaiti kwa vitambaa, shubiri kwa shubiri. Wateja waliokuwa waje Jumatatu wakaombwa waje Jumatano. Hedwig aliwapikia wale ishirini dengu na tambi, akatuma masufuria bila kwenda mwenyewe. Aliona haya, lakini zaidi aliogopa. Sasa alikuwa amewapa sababu ya kumfungia mlango moja kwa moja.

Jumanne Roswitha alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi mbili.

"Anayevunja sheria ya ukumbi anapewa onyo la maandishi," alisema. "Hata mimi. Jana nilikaa kukuandikia lako."

"Niandikie. Nimestahili."

"Nimeshindwa. Jina lako halimo kwenye orodha ya wafanyakazi, Mama. Hujawahi kuwemo. Miaka thelathini na minane. Baba hakukuandika. Wala mimi."

"Nani alikuwa na nafasi ya kuandikana? Tulikuwa na kazi."

Roswitha akamsogezea karatasi ya kwanza. Ulikuwa mkataba wa ajira: mkufunzi wa washonaji, siku mbili kwa wiki, akishapata mafunzo ya ukumbi kama mtu mwingine yeyote. Hedwig alitia saini. Hapo tu ndipo alipopewa ya pili, onyo kwa mfanyakazi Hedwig Kiefner. Aliisoma mara mbili, machozi yakimtoka, akaikunja vizuri na kuitia kwenye pochi.

"Maonyo mangapi mpaka mtu afukuzwe?"

"Matatu."

"Basi bado ninayo mawili," akasema, akainuka kwenda kuuliza kama kuna ovaroli inayomtosha.