Supu ya Ijumaa

"Leo tunaanza na shukrani," alisema Sadoki, akaifunga Biblia na kuilaza magotini. "Mzee Halfani ametoka hospitali. Asifiwe, simama utushuhudie."

Asifiwe akasimama. Sebule ya Getruda pale Katandala ilijaa watu waliovaa masweta, maana Julai ya Sumbawanga haina huruma hata mchana, na wote walimgeukia kwa nyuso za furaha. Habari ya supu kila mtu aliijua. Getruda mwenyewe alishaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, kabla hata neno halijatamkwa. Asifiwe akaanza kuvutavuta ncha ya kitenge chake.

"Supu yako ndiyo iliyohubiri," Getruda akamsaidia. "Sema tu, mama. Tupo."

Jambo hili la kuwaombea Waislamu kwa majina, Sadoki ndiye aliyelianzisha. Alikuwa ofisa kilimo, Mnyakyusa kama Asifiwe, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini, na hakuna alichokichukia kama maombi ya jumlajumla. "Msiwaombee Waislamu kama mnavyoombea mvua," aliwaambia mwanzoni mwa mwezi, walipofika kwenye Waefeso. "Kila mmoja alete jina la mtu anayemjua. Na ukishamtaja mbele za Mungu, usimseme vibaya, usimcheke, usimfiche kitu. Paulo anataka kweli na upendo vikae nyumba moja." Wapo waliokuna vichwa wakitafuta jina. Asifiwe hakukuna kichwa. Jina lake lilikuwa likimnywea chai kila asubuhi.

Kibanda chake cha chakula kipo Mazwi, kimeegemea ukuta wa duka la Mzee Halfani, muuza misumari, bawaba na kamba. Alipofika kutoka Tukuyu, mjane mbichi, na mwanawe Suma mgongoni, mzee huyo ndiye aliyemwonyesha pa kuweka mafiga. "Weka hapa," alimwambia, "ukuta utakukinga na upepo. Upepo wa huku utakuzimia moto na utakuzimia moyo." Tangu siku hiyo kuku wote wa Asifiwe walichinjwa na mkono mmoja. Ndivyo mambo yalivyo mjini: ukitaka madereva na wafanyabiashara wote wale kwako, Mkristo na Mwislamu sahani moja, basi achinje Mwislamu, na habari inaishia hapo.

Kila asubuhi mzee alitoka dukani na kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Asifiwe alishika miguu na mabawa. Mzee alimwelekeza jogoo kibla, upande wa kaskazini, akalitaja jina la Mungu kwa sauti ya kusikika, na kazi ikawa imekwisha. Ujira hakuutaka. Alitaka kikombe cha chai ya tangawizi, ambayo aliilalamikia kila siku kwamba ina maji mengi, huku akikisogeza kikombe kiongezwe. Asifiwe alimpenda. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Baba yake mzazi alimzika akiwa mdogo, na Mungu akamlipa kwa mzee mkorofi mwenye kofia ya kufuma.

Halafu mzee akaugua. Nimonia, walisema, ikamlaza wodini na kumnyima hata hamu ya uji. Ndipo ile Ijumaa, jua likiwa utosini, Bi Kulsumu mkewe akapiga simu kutoka hospitali.

"Mama Suma, ameomba supu yako," alisema. "Ya kuku, yenye pilipili manga. Ameomba mwenyewe, mwanangu. Tangu alazwe hajaomba kitu."

Saa nane mlango wa wodi hufungwa mpaka jioni, na nani ajuaye kama hiyo hamu ingemngoja jioni? Asifiwe akabandika maji, akakamata jogoo mchanga, akamtia kwapani, akatoka mbio kutafuta Mwislamu wa kumchinjia. Duka la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Kwenye vipuri komeo, kwenye vitambaa komeo. Akasimama katikati ya barabara, vumbi linampiga usoni, ndipo alipokumbuka kwamba ni Ijumaa na wanaume wote wako msikitini. Jogoo alitulia kwapani kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Akarudi nyuma ya kibanda. Akamwelekeza jogoo kaskazini, kama alivyoona ikifanywa miaka yote. Yale maneno ya mzee aliyajua kwa moyo, lakini yalipofika ulimini hakuyatoa, kwa kuwa hayakuwa yake. Akasema aliyokuwa nayo: "Bwana Yesu, mponye huyu mzee." Akachinja mwenyewe, machozi yakimtoka.

Wodini mzee aliketi ameegemea mito miwili, mashavu yameingia ndani. Bi Kulsumu alifungua hotpoti, mvuke ukapanda, na pua ya mgonjwa ikachezacheza. Kijiko kilipokaribia mdomo, mzee akakizuia kwa kidole.

"Nani amechinja?"

"Rahim," Asifiwe akajibu.

Rahim alikuwa mpwa wa mzee, mwenye lori. Jibu lilitoka lenyewe, laini, kana kwamba lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Mzee akasema bismillahi, akanywa. Akanywa tena. Alipomaliza alikwangua hadi chini, na Bi Kulsumu akageukia dirishani akalia kwa furaha. Kuanzia siku hiyo akapata nafuu, akaruhusiwa, akarudi dukani. Ila asubuhi hakutoka na kisu. Asifiwe alijiambia kwamba bado hana nguvu, akawa anapika maharage na samaki wa migebuka, na wateja wakawa wanauliza kuku yuko wapi.

Sasa alikuwa amesimama sebuleni kwa Getruda na macho yote juu yake.

"Siwezi kushuhudia," alisema. "Yule kuku nilimchinja mimi. Aliniuliza, nikamwambia ni Rahim. Nilimdanganya mgonjwa kitandani, na kesho yake nikaja hapa nikamwombea kwa jina lake."

Getruda akapiga mikono. "Jamani, Asifiwe! Kuku ni kuku. Mtu amepona. Ulitaka umwache afe na njaa?"

"Nilimpenda," Asifiwe akasema. "Ndiyo, nilimpenda. Lakini nilimdanganya."

"Ukienda kumwambia, mji mzima utajua. Nani atakula kwako tena? Suma atasoma kwa ada gani?"

Hilo Asifiwe alikuwa ameliwaza usiku na mchana. Lakini kulikuwa na lingine lililomtisha zaidi: kwamba mzee hatatoka tena kuja kunywa chai yake, na kwamba ukuta ule utabaki ukuta tu. Akamtazama Sadoki, akitumaini atamwambia ayaache yalivyo.

"Mimi niliwafundisha maneno," alisema Sadoki. "Kuyatembea ni kazi nyingine, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Nenda, dada. Sisi tutabaki hapa tukuombee wewe."

Alikwenda kwa miguu. Bodaboda ingemfikisha upesi mno.

Mzee Halfani alikuwa uani kwake, nyuma ya duka, amejifunika blanketi, anaota jua la jioni. Bi Kulsumu alikuwa akichambua mchele kando yake.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu wote wawili. Bi Kulsumu akamsogezea kigoda, lakini Asifiwe akachuchumaa chini, mbele ya mzee.

"Baba, ile supu ya Ijumaa. Rahim hakuchinja. Nilichinja mimi."

Mikono ya Bi Kulsumu ikasimama kwenye ungo. Mzee hakushtuka. Alilivuta blanketi hadi shingoni.

"Najua," alisema.

Asifiwe akainua uso.

"Ijumaa ile Rahim alikuwa Wampembe, kule ziwani, anapakia samaki. Aliporudi alikuja kunipa pole, nikamshukuru kwa kunichinjia kuku, akanitolea macho." Mzee akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nikasema basi, nitakaa nimsubiri. Nione atakuja lini. Kila asubuhi nakusikia upande wa pili wa ukuta unapuliza moto, nami nasema, leo atakuja."

"Nisamehe, baba. Wote walikuwa msikitini. Niliogopa usije..."

"Kuku si neno. Nilikula bila kujua, hilo Mungu hanihesabii. Na wako masheikh watakaokwambia chakula cha watu wa Kitabu kinalika. Mimi si sheikh, mimi nauza misumari." Sauti yake ikapungua. "Lakini nilikuuliza, Mama Suma. Ungeniambia hakuna wa kuchinja, ningekunywa uji. Uliniangalia usoni ukanidanganya, na mimi sina nguvu hata ya kushika kijiko. Hilo ndilo lililoniuma."

Asifiwe alilia bila kujifuta. Bi Kulsumu akauinua mkono kutaka kumshika bega, akamtazama mumewe, akaurudisha kwenye mchele.

"Ulisema nini ulipomchinja?" mzee akauliza.

Hapa palikuwa na njia ya kupitia. Angeweza kusema hakusema kitu. Angeweza kusema alilitaja jina la Mungu, na isingekuwa uongo mtupu. Aliiona njia hiyo nyeupe mbele yake, akaiacha.

"Nilisema, Bwana Yesu, mponye huyu mzee."

Kuku wa Bi Kulsumu walikuwa wakiparura karibu na pipa. Mzee aliwatazama.

"Na huko kwenye mafundisho yenu ya Biblia, nasikia mnanitaja jina. Mnaniombea hivyo hivyo?"

"Tunaomba upone. Na mimi naomba umjue Yesu."

"Nimjue? Nabii Isa anatajwa katika nyumba hii tangu wewe hujaiona Sumbawanga."

"Najua, baba. Lakini sivyo ninavyomaanisha."

"Najua sivyo unavyomaanisha."

Hakuna aliyemsogelea mwenzake, na hakuna aliyeinuka. Mwisho mzee akafumba macho na kusema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Na mimi nakutaja, kila baada ya alfajiri. Unadhani nakuombea chai ipungue maji? Nenda nyumbani sasa, baridi inaingia."

Hakusema amesamehe. Asifiwe alilipitia kila neno njiani, akalitafuta hilo, hakulipata.

Siku zilizofuata alipika maharage. Wateja walipouliza kuku, hakusingizia bei wala mafua ya kuku. Aliwaambia, "Ijumaa ile nilimpelekea Mzee Halfani kuku niliyemchinja mwenyewe, nikamdanganya. Mpaka yeye aseme, hapa hakuna kuku." Dereva mmoja aliinuka akaacha sahani yake mezani, na hakurudi tena. Wawili walicheka. Wengine walisikiliza, wakaomba chumvi, wakaendelea kula. Jioni, Suma akiwa anapiga deki, Asifiwe aliomba peke yake kando ya mafiga, na jina lilitoka bila kukwama, ingawa lilitoka na maumivu.

Jogoo alikuwepo. Alimnunua kwa mazoea siku ya gulio, akamfunika na tenga kando ya kibanda, akamlisha makombo. Kila asubuhi jogoo aliwika, naye Asifiwe akamwambia, "Nyamaza wewe, huna haraka."

Asubuhi moja upepo uliamka kabla ya watu. Asifiwe alikuwa ameinama anapuliza moto, moshi machoni, aliposikia komeo la duka, kisha viatu vikiburuzwa. Hakugeuka upesi. Benchi likalia kwa uzito wa mtu.

"Shikamoo, baba," alisema, bado akiwa ameshika kijinga cha moto.

"Marahaba."

Akamimina chai. Akaiweka mbele ya mzee, akarudi nyuma kidogo. Mzee alikizungusha kikombe mezani, akakiangalia ndani kama fundi anayekagua bawaba mbovu.

"Nani amechemsha?"

"Mimi, baba."

"Kweli?"

"Kweli."

Mzee akanywa. Akakunja uso. "Maji matupu," alisema, akakisogeza kikombe.

Asifiwe aliongeza hadi chai ikafurika, ikamwagika mezani. Alipoinama kufuta, aliona mfuko wa koti la mzee umevimba, na ncha ya kile kitambaa cheupe cha kisu imechungulia nje. Aliitoa sufuria ya maharage kwenye mafiga, akabandika ile kubwa ya maji ya kunyonyolea, akasukuma kuni ndani. Chini ya tenga jogoo aliwika, na upande huu wa ukuta moto haukuyumba.