Mwendo wa Qupanuaq

Kila siku ilipofika saa tisa na nusu alasiri, Leetia alikuwa akivaa glovu mbili, moja juu ya nyingine, anachukua ufagio wa jikoni na kwenda kufagia theluji juu ya antena. Antena yenyewe ilikuwa ndogo, kama sufuria iliyogeuzwa, imekaa juu ya nguzo nyuma ya kibanda cha hali ya hewa, pembeni mwa uwanja wa ndege wa kijiji chetu cha kaskazini ya mbali, kwenye nchi ya barafu. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuwaambia marubani upepo unatoka wapi. Antena ilikuwa ya chuo kikuu kimoja cha kusini, na wenye chuo walimwomba aitunze kwa sababu yuko pale pale na ufagio anao.

Alielezwa kazi ya ile mashine mara moja, na akaielewa kuliko wengi. Setilaiti inatuma ishara mbili kwa wakati mmoja. Zinaondoka pamoja, zinapita kwenye lile tabaka la juu la anga lenye umeme, mahali inapochezea ile mianga ya rangi ya usiku wa kaskazini, na huku chini moja inafika ikiwa imechelewa kuliko mwenzake. Ukipima kuchelewa huko, unajua kule juu kuna nini. Mchana mstari kwenye skrini unapanda taratibu kama mgongo wa nyangumi, jioni unashuka. Mianga ikiwaka, mstari unakuwa kama meno ya msumeno. Leetia aliutazama mstari ule miaka sita akinywa chai, wala hakuwa na neno nao.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2011, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika arobaini, mstari ulianza kutembea.

Ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda zaidi, ukasita. Kidogo, zaidi, kusita. Leetia aliweka kikombe chini. Mama yake alichukuliwa na meli ya hospitali mwaka 1957, yeye akiwa na miaka minne, na kumbukumbu pekee aliyobaki nayo ni kumfuata mama yake kwa nyuma kwenye theluji, akitazama visigino vya viatu vyake vya ngozi ya sili. Mguu wa kushoto uliwahi kuumwa na baridi, ukawa unatua kwa woga. Sura ya mama hakuwa nayo. Mwendo alikuwa nao.

Mstari ulitembea, ukasimama juu ya kijiji dakika kumi na mbili, kisha ukageuka, ukalala kama kawaida. Leetia akaandika kwenye daftari la kazi: upepo kaskazini-magharibi, mawingu machache, mama amepita.

Kesho yake alimleta kaka yake, Mosesie. Mosesie alikuwa na miaka kumi na mmoja meli ilipokuja, na yeye aliona yote. Watu walipigwa picha za vifua, wagonjwa wakaandikwa kwa wino mgongoni mwa mkono, na aliyeandikwa hakushuka tena, hata kuwaaga watoto wake. Mama yao, Qupanuaq, alisimama kwenye ukingo wa meli akionyesha kwa vidole namna ya kufunga mlango wa hema vizuri. Baada ya hapo haikuja barua. Tangu mwaka ule, kila meli iliyotia nanga, Mosesie alikuwa ufukweni akitazama wanaoshuka.

Alikaa mbele ya skrini na kofia yake kichwani. Saa ilipofika, alitazama hatua sita au saba.

"Ndiye," alisema. "Bado anachechemea."

Basi. Jioni ile Leetia alimwambia Oolayou, mtangazaji wa redio ya kijiji, na kumwambia Oolayou ni sawa na kuwaambia wote. Oolayou hutangaza bingo, mbwa waliopotea, nani ana nyama ya kugawa na nani amegombana na mumewe. Alilitangaza na hili, katikati ya bingo na tangazo la jokofu linalouzwa. Kabla hajamaliza, nyumba ya Leetia ilikuwa imejaa. Viatu vilirundikana mlangoni mpaka mlango ukagoma kufungwa. Mmoja alikuja na ngozi ya nyangumi, mwingine na mkate wa sufuria, na wote walikaa sakafuni wakikata na kula na kuulizana habari. Kilichowashughulisha hasa ni vifaa vyao vya kuonyesha njia. Wawindaji walisema tangu jana, ikifika saa ile, kifaa kinamwambia mtu yuko mita arobaini kusini ya pale aliposimama. Mmoja nusura aingize pikipiki yake ya theluji kwenye ufa wa barafu. Ikaamuliwa kwamba saa ile watu wasimame wanywe chai, na Oolayou akawa anawakumbusha kila siku: mama yake Leetia anapita, msiviamini vifaa vyenu mpaka saa kumi kasoro dakika nane.

Leetia hakutaka mengi. Alitaka kujua mama yake amelala wapi, ili amrudishe. Alimpigia simu mtafiti wa kule kusini, mwanamke kijana aitwaye Marjolaine Pruneau, ambaye huja kila kiangazi kukaza nyaya na kula samaki wabichi bila kukunja uso. Marjolaine alikuwa ameshaiona ile hitilafu. Alisema kuna vipokezi vingine kumi na saba kutoka kusini hadi kaskazini, na vyote vinaonyesha kitu kile kile, kimoja baada ya kingine. Kinaondoka kusini saa sita mchana, kwenye kimo cha kilomita mia tatu na hamsini, kinakwenda mita mia mbili kwa sekunde.

"Kinaanzia wapi, binti yangu?" Leetia aliuliza.

"Nipe wiki mbili, Mama Leetia."

Zilikuwa wiki tatu. Marjolaine alipanga vipokezi, akapunguza makosa, mwishowe akachukua kipokezi cha mkononi akaendesha gari mwenyewe. Alipiga simu akiwa pale kinapoanzia, na Leetia alisikia upepo wa kusini, ambao hauna nguvu. Hapo zamani palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, Marjolaine alieleza. Ilibomolewa. Sasa kuna duka la magodoro. Mama anaanzia kwenye uwanja wa kuegesha magari, nafasi ya tatu kutoka kwenye vitoroli vya wateja. Kuna gari la bluu juu yake.

"Mwenye gari yupo?" Leetia aliuliza.

"Yuko ndani, ananunua."

"Mwache amalize."

Leetia akaandika barua kwa ofisi inayohusika na makaburi ya watu waliochukuliwa na meli kama mama yake. Aliandika mahali, saa, kimo na mwendo. Ofisi ilimjibu kwa heshima. Ilimwomba namba ya mama yake. Miaka ile serikali iliwavika watu wetu kisahani chenye namba shingoni, kwa kuwa majina yaliwashinda makarani, na majalada yalipangwa kwa namba. Leetia akaandika tena kwamba kisahani mama alikwenda nacho, kiko shingoni mwake, chini ya lami. Ofisi ikajibu kwamba bila namba jalada haliwezi kufunguliwa, na bila jalada lami haiwezi kufunguliwa. Mosesie alikumbukakumbuka akatoa namba moja. Ofisi ikasema hiyo ni ya bwana mmoja aliye hai, anayeishi kijiji kingine, na anawasalimu.

Wakati huo kijijini watu walikuwa na swali lao, na walilijadili bingoni, dukani na kanisani: kwa nini Qupanuaq anatembea nusu ya nchi, anasimama dakika kumi na mbili, halafu anageuka? Oolayou ndiye aliyelisema wazi. Hakulisema nyumbani kwa mtu. Alilisemea redioni.

"Kaka Mosesie, kama unasikiliza, na najua unasikiliza kwa kuwa huna la kufanya," alisema. "Mama yako anashuka kwa nani? Kila mtoto hapa amebeba jina la mtu. Mimi mwenyewe ni babu yangu, ndiyo maana nina sauti hii. Yeye umemwekea nani? Umemfungia mlango, unakwenda kumngoja ufukweni."

Lilikuwa jambo la kweli na kila mtu alilijua. Hapa kijijini mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu amerudi, na jamaa humwita mtoto kama walivyomwita mwenye jina. Utamkuta mzee akimwita kitoto cha miezi sita mjomba, akimwomba radhi kwa mashua aliyomvunjia. Lakini jina la Qupanuaq halikuwahi kutolewa. Waliozaliwa walikuwa wengi, Leetia peke yake alizaa watano, na kila mara Mosesie alikataa. Alisema mama yuko safarini, akirudi akute jina lake halijatumiwa na mtu. Alikataa hivyo miaka hamsini na minne, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwonyesha kwamba amekosea.

Siku tatu Mosesie hakuonekana. Siku ya nne alikwenda kwa Leetia, akamkuta binti wa mwisho wa Leetia, Siasi, amekaa na tumbo lake la miezi minane, anakula samaki. Alivua kofia, jambo ambalo hafanyi.

"Huyo umeshamtafutia jina?" aliuliza.

"Bado, Mjomba. Nilikuwa nakungoja wewe uzeeke."

"Nimeshazeeka," Mosesie alisema. "Mpe."

Siasi alipandishwa ndege kwenda kujifungulia hospitali ya mji wa mbali, kama wanavyopelekwa wanawake wote wa hapa. Leetia alimwambia rubani upepo unatoka wapi, akarudia mara tatu. Wiki ya tano ndege ilirudi. Mosesie alikuwa amesimama uwanjani tangu asubuhi, kwenye baridi, kama alivyosimama kungoja kila meli. Walishuka watu wawili wa serikali, akashuka fundi wa majiko, akashuka Siasi na koti lake la kubebea mtoto, kichwa kidogo kimejitokeza kwenye mfuko wa mgongoni. Mosesie akasogea, akachungulia mle ndani muda mrefu. Mtoto alikuwa macho.

"Umechelewa, Mama," alimwambia.

Kisha akamwonyesha kwa vidole namna walivyokuwa wakifunga mlango wa hema, kwamba hawakusahau.

Watu walidhani basi, mstari utalala. Siku iliyofuata walijaa kibandani wakiwa na chupa za chai, na Oolayou alikuja na kinasa sauti. Saa tisa na dakika arobaini mstari ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda zaidi, ukasita. Ulisimama dakika kumi na mbili. Uligeuka. Marjolaine alithibitisha kwa simu kwamba mwanzo ni pale pale, nafasi ya tatu kutoka kwenye vitoroli. Palikuwa na ubishi kidogo, na Mosesie akaumaliza. Jina limefika, alisema, lakini mifupa bado iko kule, na mifupa nayo ina miguu. Waliona ni sawa, wakamimina chai.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Marjolaine alipiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Wasomi waliopitia utafiti wake kabla haujachapishwa walimtaka aondoe zile dakika. Walisema si tabia ya anga, ni hitilafu ya kipokezi, labda mtu anapita karibu na antena.

"Niliwaambia ndiyo, mtu anapita," Marjolaine alisema. "Wakaniambia basi ondoa."

"Ondoa, binti yangu. Una kazi yako," Leetia alimjibu. "Kwenye daftari langu yumo."

Ramani ilipochapishwa, Marjolaine alimtumia nakala kwa posta. Ilikuwa nzuri, ya rangi, yenye anga lote kutoka kusini hadi ncha ya kaskazini, saa kwa saa. Saa tisa na dakika arobaini alasiri, juu ya kijiji, palikuwa peupe. Katika mfuko ule ule wa posta ilikuja barua ya ofisi, ikiomba namba.

Leetia aliibandika ramani ukutani mwa kibanda, juu ya birika. Alikuwa na mtoto mgongoni siku hiyo, kwa sababu Siasi alikuwa dukani, na mtoto alikuwa analia tangu saa nane kwa hasira ya njaa. Leetia alimyumbisha, akamwimbia, akamwomba radhi. Mstari ukaanza. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kusita.

"Nyamaza kidogo, Mama," alisema. "Unapita."

Mtoto alinyamaza dakika kumi na mbili, kisha akaendelea kulia.