Bei ya Mwenyeji

Mtaani kwetu naitwa Mzee Chumvi. Sikuwahi kuuza chumvi, na daktari amenikataza hata ile ya kwenye mchuzi. Jina lilinipata kwa sababu ya mdomo. Siku moja, nikiwa na povu kidevuni, nilimsimulia kinyozi kwamba niliwahi kufungua bomba kuu la maji nikakuta samaki mzee ameishi humo ndani muda mrefu mpaka anajua njia ipi inakwenda kwa nani. Ukimuuliza hospitali iko wapi, anakuelekeza kwa mkia. Kinyozi alicheka mpaka wembe ukamponyoka. Tangu hapo ikawa Chumvi, Chumvi, na jina langu la kweli likabaki kwenye kitambulisho, halina wa kuliita.

Nilikuwa fundi bomba kabla ya kustaafu. Nusu ya mji huu inakunywa maji yaliyopita mikononi mwangu. Nusu nyingine pia, lakini kinyozi akisikia atasema ndiyo yale yale.

Sasa dada yangu akaja.

Yeye ndiye kifungua mimba kwetu, mimi kitinda mimba. Mimi nilipokuja mjini kutafuta kazi, yeye alibaki na cherehani yake na mama, akamtunza mama mpaka mwisho. Hakuwahi kukanyaga huku. Kila Ijumaa jioni niliwapigia simu, naye anafungua spika ili mama asikie, nami nawapa habari za mji. Habari zenyewe zilikuwaje, unaweza kukisia. Mama alifariki mwaka jana. Mwaka huu dada akafunika cherehani kwa shuka, akafunga safari.

Ninakaa vyumba viwili uani kwa mwenye nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Dada alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akakisifu kigoda, akaisifu kamba. Halafu akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kwa jambo moja tu, mdogo wangu. Nataka kupanda lile gurudumu kubwa la kwenye bustani ya burudani. Nikae juu kabisa, niuone mji wote ulionisimulia."

"Wote?"

"Wote. Una wasiwasi gani?"

"Sina. Ila mji unaonekana vizuri zaidi ukiwa chini."

"Chini naona migongo ya watu. Na jambo jingine: bei ya mgeni silipi. Ulimwambia mama, kwa mdomo wako huo, kwamba kwenye mji wako ndugu zako hawaitwi wageni. Nikilipa bei ya mgeni nitakuwa nimekuja kumtembelea nani? Kama haipo ya wenyeji, basi. Nitapanda basi langu Ijumaa, nirudi nikamwambie cherehani kwamba sikuuona mji."

Dada akisema "basi" kwa sauti ile, jambo limekwisha. Mama mwenyewe alikuwa haombi marudio.

Nikaanza kutafuta. Kwanza nilijaribu vizibo, nikidhani nafuu yoyote isiyoitwa ya mgeni itamtosha dada. Duka la kona lilikuwa na tangazo: vizibo vya soda vyenye nyota, tiketi ya gurudumu nusu bei. Nikanywa soda mpaka nikawa nacheua kama pampu iliyoingiwa na hewa. Nyota zilipotimia, muuza duka akanisomea maandishi madogo chini ya tangazo: mwisho ilikuwa sikukuu iliyopita.

"Sasa mbona hujaling'oa?" nikamuuliza.

"Soda zilikuwa bado zinanunuliwa, mzee wangu."

Kisha kuna kijana pale kituo cha mabasi anayeuza tiketi mkononi, bei ya kutupa. Nilizigeuza nikasoma nyuma. Zilikuwa za watoto wasiofika shingo ya twiga aliyechorwa kwenye geti la bustani. Nilimwuliza kama naweza kuingia kwa magoti. Akasema wapo waliojaribu.

Mwisho nikaenda kwa kinyozi, ambaye simu yake inajua kila kitu. Akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akanisomea.

"Bei ya wenyeji ni Jumatatu mpaka Alhamisi. Mwenyeji ni mtu anayeishi ndani ya mipaka ya mji. Aje na kitambulisho, pamoja na ankara ya maji au ya umeme yenye jina lake, au barua ya mtaa, au uthibitisho mwingine utakaomridhisha msimamizi. Mwenyeji mmoja anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja kwa bei hiyo hiyo."

"Imekwisha hiyo!" nikasema. "Mimi mwenyeji, dada mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ankara unayo?"

Yule mteja wa nusu kichwa akageuka kunitazama. Ankara ya maji ina jina la mwenye nyumba. Ya umeme pia. Mimi niliyepeleka maji kwenye nyumba za watu maisha yangu yote, sina hata karatasi moja ya maji inayonijua. Na kitambulisho changu kinasema nilizaliwa kule kule alikozaliwa dada.

"Kachukue barua ya mtaa," kinyozi akasema. "Huo uthibitisho mwingine ni wa wakubwa, usihangaike nao."

Katibu wa mtaa ni mwanamke mwepesi wa mikono. Nilimkuta na foleni, akaniona juu ya vichwa vya watu, akapaza sauti: "Shida nini, mzee wetu?" Nikamwambia. Kabla sijafika mezani barua ilikuwa imeandikwa, imepigwa mhuri, imekunjwa, imetiwa kwenye bahasha. Sikuifungua. Bahasha yenye mhuri ina heshima yake.

Alhamisi asubuhi dada alivaa gauni lake la bluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Njiani akanishika mkono juu ya kiwiko, alivyokuwa akinishika zamani tukivuka mto.

"Nakuomba kitu kimoja. Leo usitie chumvi. Hawa ni watu wa kazi. Ukiulizwa, jibu kilivyo."

"Naapa."

"Usiape. Jibu tu."

Tukafika dirisha la tiketi. Binti wa dirishani akaifungua bahasha, akasoma, akatazama kitambulisho, akasoma tena. Akaita: "Msimamizi!"

Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye fungu la funguo kiunoni. Alizisoma karatasi zote mbili kwa utaratibu, akiziweka sambamba.

"Barua inasema Mzee Chumvi ni mwenyeji wa mtaa huu, anajulikana na kila mtu. Kitambulisho kinasema mtu mwingine kabisa. Sasa mimi nimwingize nani?"

Katibu alikuwa ameandika jina analolijua. Hakuna jingine alilowahi kulisikia.

"Wote wawili ni mimi," nikasema.

"Basi mtahitaji tiketi mbili. Huyu mama naye ya tatu."

Binti akacheka. Dada hakucheka. Alikuwa ameinua uso kulitazama gurudumu, ambalo lilikuwa limeanza kuzunguka polepole juu ya miti, na mkono wake umeng'ang'ania mkoba. Nikaona kwamba hasikilizi bei tena. Alikuwa anaagana nalo.

"Mama msimamizi," nikasema, "kanuni inasema uthibitisho mwingine utakaokuridhisha. Sema kitakachokuridhisha, nitakileta."

Akanipima kwa macho. "Haya. Mimi nimezaliwa nyuma ya soko hapo. Mwenyeji na mwenyeji hawapotezani. Niambie: saa ya mnara wa sokoni ilisimama kwa nini?"

Moyo ukanirukaruka kwa furaha. Nani anajua habari za saa ile kuliko mimi? Siku iliposimama nilikuwa pale chini ya mnara, natengeneza bomba. Na jioni ile ile ndimi niliyekaa kwa kinyozi nikaieleza kwa namna yangu. Lakini vidole vya dada vilikuwa bado juu ya kiwiko changu. Jibu kilivyo.

"Jino la gurudumu la ndani lilikatika," nikasema. "Kipuri kikaagizwa, kikawa hakifiki."

Msimamizi alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo! Mzee wangu, mji huu hauna mtoto asiyejua saa ile ilisimama kwa nini. Hata huyu binti anajua. Wewe unaniletea habari za vipuri?" Akaanza kunirudishia kitambulisho. "Pole sana. Bei ya wageni dirisha la pili."

Hapo dada akakohoa.

"Si kunguru?" akauliza.

Mkono wa msimamizi ukasimama hewani.

"Si kunguru aliyetaga kwenye ule mshale mrefu?" dada akaendelea, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau mezani. "Halmashauri ikakaa kikao, ikaamua saa isubiri mpaka mayai yaanguliwe, maana kunguru naye ni mama. Vifaranga wakaanguliwa. Kabla fundi hajapanda ngazi, wakakua..."

"Nao wakataga!" msimamizi na binti wakamalizia kwa pamoja, na msimamizi akaupiga ubao wa dirisha kwa kiganja mpaka funguo zikalia. "Eeh! Bibi yangu alikuwa akinisimulia hiyo nikikataa kula. Na hili gurudumu letu, mama, tunaliitaje?"

"Mkwe."

"Kwa nini?"

"Si linazunguka, linazunguka, halisemi kilicholileta."

Msimamizi alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu sasa ndiye mwenyeji! Mama, unaujua mji huu tangu lini?"

Dada yangu hasemi uongo. Hajawahi, na hakuuanza siku ile.

"Naujua tangu huyu akiwa kijana," akasema, akininyooshea kidole.

"Inaonekana! Na yeye ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu. Nimeongozana naye."

"Basi yeye ndiye mgeni wako. Mwenyeji mmoja, mgeni mmoja, bei ya wenyeji. Nimeridhika. Wafungie utepe," akamwambia binti, kisha akaniinamia kwa huruma. "Usijali, baba. Ukikaakaa hapa kidogo, mji utauzoea."

Jamani! Ukweli ulinijaa mdomoni kama bomba lililopasuka. Nilitaka kumwambia kunguru ni wangu, yule wa kwanza na wajukuu zake wote. Mkwe nilimbatiza mimi, nikiwa juu ya ngazi, siku walipokuwa wanalifunga hilo gurudumu nami nawavutia maji. Bibi yake aliyasikia kwa kinyozi, na kinyozi aliyasikia kwangu! Maisha yangu yote nimesema uongo na watu wakaniamini bila taabu. Leo nilikuwa na ukweli mmoja mtamu, mnene, na kila neno lake lingetupeleka dirisha la pili.

Nikamtazama dada. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono afungiwe utepe wa kijani wa wenyeji.

Nikaumeza ukweli wangu. Ulishuka kwa shida, kama kidonge bila maji. Nikatoa mkono nami nikafungiwa utepe wa njano, umeandikwa MGENI kwa herufi ambazo hata kipofu angezisoma kwa kupapasa.

Kibanda chetu kilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana na mlango wa kamba. Kikainuka. Miti ikawa chini yetu, kisha mapaa, kisha matangi ya maji juu ya mapaa. Dada aliegemea ukingo na gauni lake la bluu, akawa anautazama mji kipande kwa kipande, kama anavyokagua mshono.

"Lile soko?"

"Lile."

"Na kile kilima ndicho nyuma yake kuna ziwa la samaki wanaopiga mluzi?"

Tulikuwa tumekwisha kupita urefu wa kilima. Nyuma yake kulikuwa na mabati na barabara ya vumbi.

"Lilikauka," nikasema.

"Nilijua litakauka."

Tukafika juu kabisa, gurudumu likasimama kupakia watu kule chini. Kibanda kikawa kinatikisika taratibu. Upepo ulikuwa mdogo. Mbele yetu, sawa na macho yetu, ulikuwa mnara wa soko na ile saa yake inayoonyesha saa kumi na robo asubuhi na jioni.

"Mama alikuwa ananiuliza kila Jumamosi," dada akasema. "Ananiambia, hebu mpigie uulize kama wale vifaranga wametoka. Namwambia, mama, jana tu kasema bado kidogo. Anasema haya, basi leo nakunywa dawa, niwasubiri."

Mimi, Mzee Chumvi, nilikosa hata punje.

Dada akafinya macho kuutazama mnara. "Yupo," akasema.

"Nani?"

"Pale kwenye mshale. Mweusi."

Nikatazama. Kulikuwa na doa jeusi katikati ya mshale mrefu, halisogei.

"Dada, ile ni kutu."

Akanishika mkono, akaugeuza, akanionyesha utepe wangu wa njano.

"Wewe mgeni," akasema, "hebu nyamaza uonyeshwe mji. Sasa huyo pale ni wa ukoo wa tano, anamsubiri mumewe aliyekwenda kutafuta kipuri."

Gurudumu likaanza kushuka. Nikanyamaza, nikaonyeshwa mji.