Moja au Mawili

Kwa miaka mitatu tangu aolewe, fundi huyu wa mabomba ya moshi hakuwahi kumwona baba mkwe wake akikanyaga karakana yake. Si kwamba mzee alikuwa mkali. Alikuja kwao kila wiki, akala, akambeba mjukuu wake mabegani mpaka mtoto akachoka kucheka. Ila kazi ya mkwewe ikitajwa tu, aligeukia redio. Siku alipotambulishwa nyumbani kama mchumba wa mwanawe, mzee aliuliza swali moja: "Huyu ndiye anayelala chini ya magari?" Alipojibiwa kwamba ndiye, akanywa maji. Tangu hapo gari lake alilipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa mji.

Kwa hiyo asubuhi ile pikapu ya kijani ilipoingia getini ikinguruma na kukatakata, fundi alidhani macho yanamdanganya. Alijivuta kutoka chini ya teksi aliyokuwa akiishughulikia, akajifuta mikono harakaharaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alitazama kila kitu pale isipokuwa ovaroli la mkwewe. "Fundi wangu kafunga karakana, anauguza. Na mimi kesho kutwa nina miche ya kupeleka."

Mzee alikuwa na kitalu cha miche bondeni, na barabara ya kutoka huko ilikuwa na kilima kirefu.

"Gari lina shida gani, baba?"

"Shida naijua. Bomba limeoza, gari halipandi. Ling'oe, uniwekee mawili. Moja kushoto, moja kulia. Jirani yangu ana mawili, na pale kilimani ananipita kama nimeegesha."

Fundi aliitikia, akalipandisha gari kwa jeki, akaingia chini. Mabomba alikuwa nayo dukani, mapya, yanang'aa. Kabla ya saa sita angekuwa amemaliza, na baba mkwe angeondoka ameridhika. Kisha angefika kilimani, jirani ampite tena, na mzee angekuwa na neno la kusema maisha yake yote kuhusu wanawake na spana.

Aligonga sailensa, lile kopo la bomba linalopunguza kelele, kwa mpini wa nyundo. Ndani kitu kikacheza, kama kokoto kwenye debe. Akagonga tena ili awe na hakika. Alipotoka, moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku aliyofanya mtihani wake wa ufundi.

"Baba, samahani. Sitakuwekea mawili."

Mziba pancha wa kibanda cha jirani, ambaye masikio yake hayakuwahi kupitwa na neno, aliacha kujaza upepo.

"Hutaki au huwezi?" mzee akauliza.

"Naweza. Ila nitakuwa nimekudanganya, na kesho bado tutakula meza moja."

Mzee alimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Haya. Sema."

"Nikuonyeshe, ni bora kuliko kusema."

Alifungua ile sailensa, akaibana kwenye meza ya chuma, akampa mzee miwani ya kukinga cheche. Mzee aliivaa juu ya miwani yake ya kusomea. Fundi akawasha grinda, akaipasua sailensa kwa urefu kama anayepasua papai. Ndani, vibati vilikuwa vimeng'oka na kulaliana, na kutu imejaza nafasi iliyobaki. Pa kupita moshi palibaki upenyo wa vidole viwili.

Mzee aliinama, akaingiza kidole, akakitoa cheusi.

"Injini yako haina ubaya wowote," fundi akasema. "Imezibwa pumzi. Na mabomba mawili yangeanzia baada ya hapa."

"Kwa hiyo hata ningeweka manne..."

"Ungekuwa na mapambo manne."

Mziba pancha alicheka kwa sauti. Mzee alimgeukia, akajaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda na yeye.

"Na la jirani je?"

"La jirani ni silinda sita, baba. Injini yake inatoa moshi pande mbili, kila upande na njia yake. Yako ni silinda nne, moshi wote unatokea upande mmoja. Bomba moja la kipimo chake linatosha kabisa. Tena la pili lingepita pale linapokaa tairi la akiba. Tairi lingehamia nyuma juu, likale nafasi ya miche."

Hilo la miche lilimwingia. Alikaa kwenye kiti cha teksi kilichong'olewa, akasugua magoti. Alipozungumza tena alishusha sauti, mziba pancha asisikie.

"Unajua, mwanangu, si kilima tu. Siku hizi nikipita watu hawageuki. Nilitaka wasikie kwamba bado nipo."

Fundi hakucheka. Alichukua sailensa mbili kutoka rafuni, akaziweka mbele yake. "Hii ni ya kimya. Hii ina mlio mzito kidogo, haukeri mtu, lakini unasikika. Zote zinafaa kwenye bomba moja. Chagua."

Mzee alizigonga zote mbili kwa ukucha, akazisikiliza kama anayenunua chungu, akachagua ya pili.

Kazi ilimalizika alasiri. Fundi alichomelea, mzee akiwa amesimama pembeni na kinyago cha kuchomelea usoni, akiuliza kila kitu: kwa nini pale na si hapa, kwa nini bomba linaning'inizwa kwa mipira badala ya kukazwa. Ilipofika saa ya kujaribu gari, alimpa mkwewe ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nisikilize."

Walipanda kilima chote kwa gia ya tatu. Mzee alitoa kichwa dirishani kama abiria mtoto. Juu kabisa mwanamke aliyekuwa akianua nguo aligeuka kuwatazama, na mzee akampungia mkono, ingawa hawakujuana.

Waliporudi karakana, fundi alitarajia kwamba mzee ataaga. Badala yake mzee alienda nyuma ya pikapu, akapima kwa shubiri kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

"Hapa," akasema, "unaweza kunitengenezea rafu mbili za chuma? Miche ikae ghorofa, isikandamizane?"

"Naweza. Urefu gani?"

"Nipe chaki."

Wakachuchumaa wote wawili sakafuni na kuanza kuchora, mzee akitaka rafu tatu, mkwewe akimwambia kwamba ya tatu itaivunja miche shingo, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kukubali.