Kodiani Nyuma ya Wavu

Kupitia matundu ya wavu niliwaona watu vipande vipande: bega, kisigino, upindo wa gauni. Ulikuwa wavu wa banda la kuku, umezungushiwa jukwaa lote la ukumbi wa dansi ili kutukinga sisi wapigaji na chupa za walevi. Komeo la mlango wake lilikuwa upande wa nje, na Papa, baba yangu, ndiye aliyekaa hapo kwenye komeo.

Jumapili hiyo mchana Ulysse Manceaux alikuwa akicheza na binamu yangu Azélie, lakini macho yake yote yalikuwa kwangu. Jua likitua angeondoka na lori la kaka yake kwenda Texas, kwenye viwanda vya mafuta vya Port Arthur. Asubuhi, nje ya kanisa, alikuwa ameniambia, "Njoo nami, Elmire. Padri wa kule atatufungisha ndoa. Au unataka kuzeekea humo bandani kama kuku wa mayai?"

Nilicheka tu.

Papa, Onésime Doucet, alikuwa mpigaji kodiani ambaye watu wa Pointe Noire walikuwa tayari kuvuka matope ya Louisiana nzima ili wamsikie. Kisha mashine ya kupura mpunga ikamtafuna mkono wa kushoto, ikamwachia kidole gumba na kipande cha kingine. Siku aliyotoka hospitali aliniwekea kodiani mapajani. Nyimbo zake zote nilikuwa nazijua, nilizishika nikikoroga mchuzi wa gambo jikoni naye akipiga barazani. Tangu hapo kila dansi ikawa yangu, na mimi sikucheza hata moja. Vijana wakiniomba, Papa ndiye aliyewajibu: "Akishuka huyu, nani atapiga? Wewe?"

Mwanga madirishani ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Mjomba Théogène, kaka wa marehemu Mama, aliinama nyuma ya fidla yake.

"We mtoto, makalio yameota mizizi kwenye hicho kiti? Shuka."

"Na muziki, Mjomba?"

"Kabla ya hilo sanduku la kodiani kuletwa huku, babu zetu walicheza kwa miluzi?" Akapaza sauti: "Onésime! Fungua hapo, mtoto amebanwa, anataka kwenda chooni!"

Papa akafungua. Niliacha kodiani kitini, nikapita mbele yake. Fidla ikaanza peke yake, walzi ya zamani, ya polepole. Azélie aliponiona tu, akamwachia Ulysse mkono, nami nikaushika.

Sikujua mguu upi unatangulia. Mimi niliyewachezesha wote mle ndani!

"Unanikanyaga," Ulysse alinong'ona.

"Nyamaza, nisije nikapotea."

"Na unanifinya mgongo."

Kweli, vidole vyangu vilikuwa vikiubonyeza wimbo mgongoni mwake.

Ndipo kodiani ikaingia.

Niligeuka. Papa alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mkono ule mbovu kaupenyeza kwenye mkanda wa kodiani, anavuta mivukuto kwa kifundo cha mkono. Besi hazikuwepo kabisa. Lakini mkono wa kulia, ambao mashine haikuugusa, ulikuwa unakimbia juu ya vifungo kama zamani. Watu walipiga kelele za furaha. Miguu yangu ikasimama.

Alikuwa anaweza. Miaka yote ile, alikuwa anaweza.

Au labda yeye mwenyewe alikuwa anagundua dakika ile ile. Labda aliona haya watu wasikie wimbo wake umekatika chini, bila besi. Sikupata kumuuliza. Tulitazamana, hakutabasamu, wala hakuniita.

"Elmire," Ulysse akasema, "jua linatua."

Wimbo ukakaribia mwisho, pale ambapo wachezaji huachiana na kila mtu hurudi mahali pake. Papa hakuumaliza. Alirudi mwanzo, jambo alilonikataza siku zote, akidai linawachosha watu. Halafu akarudi tena. Mjomba akamfuata.

Nilitoka na Ulysse, na gauni lile lile nililovaa. Ndani ya lori nilikaa katikati ya ndugu wale wawili, nimemkasirikia Papa hata sikuweza kulia. Tulipovuka reli, Ulysse alishusha kioo.

Walikuwa bado wanapiga.