Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Seremala alikwenda hospitali kwa sababu binti yake alimpigia simu akilia: "Baba, mama amepata kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu kabisa." Walikuwa wametalikiana miaka sita iliyopita, na njia nzima alijiambia anakwenda kwa ajili ya mtoto tu.

Alitarajia kumkuta mtalaka wake amelala hoi. Alimkuta ameketi kitandani, daftari mapajani, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, naye alikuwa mwalimu aliyesifika shule nzima kwa mwandiko. Jasho likimtoka, alimaliza ukurasa wa tatu, kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili: "Na wewe dada, shika kalamu. Tusiidekeze mikono hii."

Seremala alibaki mlangoni. Ukaidi huo ndio uliomchosha zamani. Leo aliuona ni ushujaa mtupu, na mapenzi aliyodhani yamekwisha yakamrudia yote kwa mpigo.

"Mbona umeganda hapo kama nguzo?" mwalimu aliuliza, ulimi ungali mzito.

"Nakutazama. Sijaona mtu kama wewe."

"Acha maneno matamu. Daftari linateleza, njoo unishikie."

Akavuta kiti, akalishika. Kesho yake akaja tena, na kila siku baada ya hapo, hadi mwalimu aliporuhusiwa kutoka. Siku hiyo mwalimu alimwegemea seremala begani, wakashuka ngazi polepole.

"Usiniache tena," mwalimu alisema.

"Siendi popote, mama watoto."