Chupa Iliyojaa Yenyewe

Jumapili chupa ilikuwa nusu. Jumamosi niliikuta imejaa mpaka shingoni, nami siijui dawa inayoongezeka yenyewe kabatini.

Ni dawa ya kusafishia mikanda ya picha, zile za rangi nyeusi na nyeupe. Mjukuu wangu Ikirezi anasomea picha chuoni, na huiweka kwenye chumba cha kufulia, hapa kwetu Doonside, ughaibuni. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini marehemu mume wangu, Kubwimana, alikuwa mpiga picha katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu, na dawa hiyo nimemkorogea miaka tisa.

Ikirezi alitaka kusafisha mkanda wangu. Ninao mmoja tu, wa mwisho aliopiga babu yake. Ndani yumo binti yangu Anésie, mama yake, amempakata Ikirezi mchanga. Anésie alifariki mwezi uleule, na picha yake nyingine hatuna. Dawa ikiwa imekufa, mkanda unatoka mtupu, na haurudiwi.

"Hii uliifungua lini?"

"Juzi juzi tu, Bibi."

Nikageuza chupa. Mwandiko wake mwenyewe ulisema Machi, na sasa ni Oktoba.

"Machi ndiyo juzi?"

"Bibi, umekuwa polisi? Iko okay."

"Jumapili ilikuwa na rangi ya kahawa. Leo ni chai ya kumpa mgeni usiyemtaka."

Akacheka, ila hakuniangalia. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku.

Sikugombana. Ulimi wa mkanda, ile ncha ya mwanzo, ulikuwa nje, umeshapigwa mwanga, hauna picha. Nikakata kipande kama ukucha, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha dawa mchana kweupe. Dawa iliyo hai hukifanya cheusi kabla hujamaliza Baba Yetu ya tatu; ndivyo Kubwimana alivyopima. Nikasali ya tatu, ya tano, ya nane. Kipande kikabaki rangi ya majivu.

"Uliongeza nini, mama?"

Akakaa juu ya mashine ya kufulia. "Maji ya bomba. Si wewe ulisema hewa inaiua, chupa isiwe na nafasi? Niliogopa utaninyima mkanda."

Kweli nilisema. Ila Kubwimana alikuwa akitia gololi safi chupani, dawa ipande yenyewe mpaka kwenye kifuniko, na hilo la gololi sikulitaja.

Mkanda nikaurudisha kwenye kopo langu, na kopo nikalala nalo siku tano, mpaka Ikirezi alipoleta pakiti mpya ya unga wa dawa. Tukaukoroga pamoja, ukapoa. Nikakata kipande kingine. Baba Yetu ya pili haijaisha, kikawa mkaa. Nikapima tena, maana maandishi ya pakiti nayo ni maneno ya watu.

Ndipo nikampa. Akazima taa, akajifungia aupakie kwenye tangi lake la kusafishia, mimi nimeegemea mlango asije mtu akaufungua.

Ulipotoka ulikuwa unachuruzika maji. Picha nyingi zilikuwa na ukungu wa miaka. Moja akaiinua dirishani. Kwenye mkanda sura huwa kinyume, weusi unakuwa weupe.

"Ni yeye, Bibi?"

Nikautafuta mkono wa Anésie, kidole cha mwisho, kile alichokivunja utotoni. Kilikuwa kimepinda.

"Ndiye," nikasema. "Usimguse, hajakauka."